Daktari wa Mbwa wa Elburgon

Hakuwa daktari, na yeye mwenyewe ndiye alikuwa wa kwanza kukuambia hivyo. "Mimi ni msaidizi wa afya ya mifugo, mstaafu," alikuwa akisema, akilivuta hilo neno la mwisho kama mtu anayetaja cheo. Lakini Elburgon yote, kuanzia viwanda vya mbao hadi kule juu mashamba yanakogusana na msitu wa Mau, tulimwita Daktari. Ukitaka kumtofautisha na daktari wa watu uliongeza tu: Daktari wa Mbwa. Ng'ombe aliwatibu pia, na mbuzi, na punda wa wale wanaochota maji. Hao aliwatibu kwa sababu ilikuwa kazi. Mbwa walikuwa na sababu nyingine, na ilinichukua miaka kuijua.

Mimi nina duka la dawa za mifugo karibu na stendi. Kwa miaka kumi na mmoja aliingia humo karibu kila asubuhi, gamboti zikiwa na matope hadi magotini, mkoba wake wa ngozi begani, mbwa wake wakikaa nje mlangoni bila kuambiwa. Hakuwa mtu wa kusalimia. Alisimama mbele ya kaunta akauliza:

"Friji ililala aje?"

"Ililala poa, Daktari."

"Stima haikupotea?"

"Haikupotea."

Hapo ndipo aliniangalia usoni. "Na wewe mama, ulilala?"

Mwanzoni niliona ni dharau, mtu kuulizia friji kabla ya mwenye friji. Baadaye nilielewa. Chanjo ya kichaa cha mbwa inataka baridi tangu kiwandani hadi kwenye sindano, na friji yangu ndiyo ilikuwa ya pekee aliyoiamini hapa mjini. Ndani yake kulikuwa na kipimo cha joto alichokileta mwenyewe na kukifunga kwa uzi kwenye rafu ya katikati. Alikuwa akiniambia, "Chanjo ikipata joto haibadiliki rangi, haibadiliki harufu. Mbwa unamdunga maji na wewe unajua umemkinga. Afadhali usimdunge, angalau utaendelea kuogopa."

Kwenye boma la mtu alimsalimia mbwa kwanza. Alichuchumaa upande, hakumtazama machoni, akauacha mgongo wa mkono wake karibu na pua ya mbwa na kungoja. Kuna siku tulikwenda pamoja kumpa pole mzee mmoja wa kanisa aliyefiwa na mkewe. Watu wamejaa kwenye viti vya plastiki, mchungaji yuko katikati ya maombi, na Daktari amechuchumaa pembeni ya jiko na mbwa wa marehemu. Watu wakanong'ona. Alipoinuka alimwambia mfiwa, mbele ya mchungaji: "Huyu mbwa hajakula siku tatu. Nani alikuwa anampa chakula?"

Mzee alisema ni marehemu mwenyewe.

"Basi sasa ni wewe. Saa ile ile, sahani ile ile. Mtasaidiana."

Nilitaka kuzama kwa aibu. Lakini yule mzee aliniambia miezi mingi baadaye kwamba katika wiki ile, kati ya maneno yote aliyoambiwa, hilo ndilo aliloweza kulifuata.

Alimpima mbwa kwa mikono kama fundi anavyopima ubao. Alipitisha vidole mbavuni: mbavu zinatakiwa kuhisika chini ya kidole, lakini zisionekane kwa macho. Akizitafuta akazikosa, mbwa amenenepa kupita kiasi. Akiziona toka langoni, mwenye mbwa ataambiwa maneno. Aliinua mdomo akatazama ufizi. Alinusa masikio. Alitazama kucha, na kucha zikiwa ndefu aligeuka kwa mwenye nyumba: "Hii mbwa haitembei. Umeifunga?"

Wengi walikuwa wamefunga. Hapa kwetu mbwa ni wa ulinzi, na watu huamini kwamba akifungwa mchana anakuwa mkali usiku. Daktari alibishana na imani hiyo miaka yote. Mbwa wa mnyororo, alisema, anabweka kwa kila kitu, kwa hiyo hakuna anayeamka kumsikiliza. Mbwa aliyetembezwa asubuhi, akashiba, akalala, huyo akibweka ujue kuna mtu.

Mmoja wa wenye viwanda vya mbao alikuwa na dume kubwa alilolifunga kando ya mashine ya kupasua magogo. Limenenepa kwa makombo ya hoteli, shingo imechubuka, masikio yamejaa unga wa mbao. Daktari alimwambia alitoe hapo na alitembeze. Yule bwana alicheka.

"Daktari, mimi nitembeze mbwa? Watu wataniona nimekosa kazi."

"Sawa. Nitaitembeza mimi."

Akafanya hivyo. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu alikwenda kiwandani, akalifungua lile dume, akaandamana nalo pamoja na mbwa wake kwenye njia iliyo kando ya reli, hadi kwenye daraja na kurudi. Alifanya hivyo wiki tano. Watu wakaanza kumtania tajiri kwamba mbwa wake analelewa na mwanamume mwingine. Asubuhi moja Daktari alifika akamkuta yule bwana amesimama langoni na kamba mkononi, amevaa viatu vya mpira vipya. Baada ya miezi michache walikuwa wamepungua wote wawili, tajiri na mbwa, na tajiri alikuwa akieleza kila mtu jinsi presha yake ilivyoshuka.

Yeye mwenyewe hakujitunza hata kidogo. Aliwahubiria watu kuhusu chakula cha mbwa, ugali na omena, mboga kidogo, maji safi yasiyolala, mifupa ya kuku marufuku, halafu yeye anaishi kwa chai na mkate. Mkewe alikuwa amefariki kabla sijamjua, na binti yake wa pekee alikuwa ameolewa Gilgil. Alikohoa kila msimu wa baridi na hakwenda hospitali. Nilimwambia siku moja, "Daktari, ungekuwa mbwa ungejigombeza." Alicheka, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi, kisha akaagiza chai nyingine.

Mbwa wake aliwaita kwa mahali alipowaokota. Dume mzee aliitwa Posta. Jike mdogo, mwekundu kama udongo wa barabara, aliitwa Stendi. Huyo alipatikana nyuma ya duka langu ndani ya gunia, yeye na ndugu zake wanne, na yeye tu ndiye aliyekuwa anapumua. Siku hiyo Daktari alisimama katikati ya stendi na lile gunia mkononi akapaza sauti kwa makondakta, wauza mahindi, abiria, kila mtu: "Kama hutaki watoto wa mbwa, jike lako lifungwe kizazi! Niite, nitakutafutia mtu wa kulifanyia. Usingoje izae ndio utafute gunia!" Watu walimtazama kama mwendawazimu. Lakini mwaka huo majike mengi yalifungwa kizazi kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka.

Kulikuwa na kitu kimoja nilichokiona na sikukielewa. Hakumpa mbwa chakula kwa mkono. Hata kipande cha mkate alikiweka chini, au kwenye kifuniko, akarudi nyuma hatua mbili, ndipo mbwa akala. Nilimuuliza mara moja, akasema ni usafi. Nikaliacha hapo.

Jibu lilikuja siku ya mvua kubwa, dukani, tukiwa wawili tu. Stendi alikuwa bado mdogo, amelala juu ya kiatu chake. Sijui ni nini kilichomfungua mdomo.

"Unajua kazi yangu ya kwanza ilikuwa gani?" aliniuliza. "Nilikuwa kijana, nimetoka chuo. Ofisi ilikuwa na shida ya mbwa wa kuzurura. Asubuhi unapewa ndoo ya nyama. Nyama imetiwa sumu. Unapita mtaani unatupa."

Nikaacha kupanga dawa.

"Mbwa wa mtaani haogopi mtu anayempa chakula. Kulikuwa na jike moja karibu na nyumba niliyopanga. Nilikuwa nalilisha makombo jioni. Asubuhi hiyo lilinifuata. Lilitembea na mimi mtaa mzima likitingisha mkia, linangoja. Mwishowe mkubwa wangu akasema, kwani hiyo umeiacha ya nini? Nikaipa. Kwa huu mkono." Akautazama mkono wenyewe. "Haikushtuka hata kidogo. Iliamini."

Alisema aliifanya kazi hiyo miaka miwili, mpaka akahamishiwa upande wa chanjo. Huko aligundua kwamba mbwa wakichanjwa wengi wa kutosha kichaa kinaisha chenyewe, na ndoo haihitajiki. "Ilikuwa inawezekana tangu mwanzo," akasema. "Hilo ndilo linanikera. Ilikuwa inawezekana tu."

Sikumsikia akilitaja tena. Lakini kuanzia siku hiyo nilijua ni kwa nini mtu wa umri wake alipanda milima ile kwa miguu na kisanduku cha barafu begani.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika.

Ilikuwa msimu wa mvua ndefu. Daktari alikuwa amefanya mipango wiki nyingi na kijiji kimoja cha juu, karibu na msitu, ambako mbwa hawakuwa wamewahi kuchanjwa. Alikuwa ameongea na mchungaji wa huko, na wazee, na akina mama wa kanisa. Walikubaliana Jumatatu, uwanja wa kanisa, kila nyumba ilete mbwa wake. Chanjo zilifika kwangu Alhamisi, nikazipanga kwenye friji yeye akiwa amesimama hapo.

Ijumaa jioni nilikwenda Nakuru kwenye harusi ya mpwa wangu. Nilikusudia kurudi Jumamosi. Nikanogewa, nikarudi Jumapili usiku, nikaenda moja kwa moja nyumbani kulala. Jumatatu asubuhi nilipofungua duka friji ilikuwa inanguruma vizuri, lakini chini yake kulikuwa na maji. Barafu ya juu ilikuwa imeyeyuka yote na kuanza kuganda upya. Nikamuuliza muuza viatu wa jirani.

"Stima? Si ilipotea Ijumaa na upepo. Imerudi jana jioni."

Nilipangusa yale maji kwa gunia. Nakumbuka nilipangusa haraka, na kwamba nilikuwa nimesikia gamboti zake nje kabla sijamaliza.

"Friji ililala aje?"

Nyuma yake alikuwa amesimama mwendesha boda ambaye angembeba hadi juu. Daktari alikuwa amevaa koti lake zuri. Kule kijijini watu walikuwa wameanza kukusanyika, wengine wamefunga mbwa kwa kamba za katani tangu alfajiri ili wasipotee. Nikafikiria akigeuka na kupanda kule mikono mitupu kuwaambia warudi nyumbani. Nikafikiria pia atakavyonitazama akijua nilikwenda kucheza harusini nikaacha friji siku mbili. Nadhani hilo la pili ndilo lililonishika ulimi.

"Ililala poa," nikasema.

"Stima haikupotea? Kwangu ilipotea."

"Huku ilirudi upesi."

Alifungua mlango wa friji akatazama kipimo. Kilikuwa kimesharudi kwenye baridi yake. Akaniangalia usoni, kama kawaida yake.

"Na wewe mama, ulilala?"

"Nililala, Daktari."

Akapanda boda akaenda. Jioni alirudi amechoka, amelowa, ana furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Nyumba zote zilileta mbwa. Bibi mmoja alileta paka pia. Kwenye chupa ya mwisho, akaniambia, alikuwa amempa Stendi chanjo yake ya kwanza, pale pale uwanjani, ili watu waone kwamba anachowapa mbwa wao anampa na wake.

Mwezi wa tisa mbwa mwenye kichaa alitoka upande wa msitu. Alipita kile kijiji akauma mbwa kadhaa, akashuka na njia ya reli asubuhi, na huko akakutana na Daktari na mbwa wake. Stendi aliingia katikati. Aliumwa shingoni. Yule mbwa mgeni aliuawa kwa mawe na vibarua wa reli.

Daktari alimwosha Stendi jeraha kwa sabuni na maji robo saa nzima, akaja kwangu kuchukua chanjo nyingine, safari hii kutoka mzigo mpya, akamdunga tena. Kisha akamtenga kwenye kibanda cha kuni na kumfunga. Yeye, kumfunga mbwa. "Amechanjwa," aliniambia. "Ni tahadhari tu. Amechanjwa mwezi wa tano, kinga anayo." Alisema hivyo kila asubuhi, na mimi kila asubuhi nilijibu, "Ndiyo, Daktari."

Wiki ya nne sauti ya Stendi ilibadilika. Wiki hiyo hiyo aliacha kunywa maji. Daktari alijua mara moja, lakini aliingia kibandani na bakuli, kwa sababu alitaka kuhakikisha, au kwa sababu alitaka kukosea. Stendi alimuuma kwenye kiganja.

Alimmaliza Stendi yeye mwenyewe, kwa sindano, jirani mmoja akimsaidia kushika kamba kwa mti mrefu. Kichwa kilipelekwa maabara. Majibu yalikuja: kichaa. Daktari alikwenda Nakuru kwa matatu, safari baada ya safari, kudungwa sindano zake mwenyewe, na alipona.

Kule juu mbwa wawili wengine wa siku ile ya uwanja wa kanisa walishikwa pia. Mmoja alimuuma mama mjane alipokuwa akikama. Mama huyo naye alipelekwa Nakuru mapema akapona, Mungu ni mwema. Lakini maneno yalishaanza. Daktari aliwadunga mbwa wetu maji. Daktari amezeeka, haoni anachodunga. Kisha wakaamua kuwaua mbwa wote, wagonjwa na wazima.

Alipanda kule kuwasihi. Mchungaji alinieleza baadaye. Daktari alisimama mbele yao na bendeji mkononi, akasema mbwa walio wazima wadungwe tena, wafungwe, watazamwe, hakuna haja ya kuua. Mtu akamwambia, "Mzee, wewe hata yako imekushinda." Alibaki pale kijijini mpaka ilipoisha, akienda nyumba kwa nyumba nyuma ya vijana wenye rungu, akiomba. Wachache walimsikia.

Mpaka leo sijui kwa hakika kama ilikuwa friji yangu. Nilimuuliza daktari mmoja wa mifugo wa Nakuru, nikijifanya ni swali la duka tu. Alisema chanjo hiyo wakati mwingine huvumilia joto la siku moja mbili, wakati mwingine haivumilii, na kwamba kuna mbwa ambao hata chanjo nzuri haiwashiki. Kwa hiyo labda. Nimeishi na hiyo labda. Lakini kusema kwamba stima ilirudi upesi hakukuwa na labda ndani yake.

Wiki chache baada ya hayo Daktari aliingia dukani. Posta peke yake alikaa nje. Hakuuliza habari ya friji. Aliweka ule mkoba wa ngozi juu ya kaunta.

"Utapata kijana wa kumpa," akasema. "Mikono yangu imezeeka. Nimefikiri sana. Chanjo ilikuwa nzuri, wewe uliitunza. Basi ni mimi. Nilikuwa na haraka, mvua ilikuwa inanyesha, labda sindano haikuingia sawasawa. Labda nilidunga manyoya."

Alinyoosha mikono yake yote miwili ili niione. Ilikuwa mikono ya mtu aliyekuwa amemuua mbwa wake.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kweli ya kusema. Nilichukua mkoba, nikauweka chini ya kaunta, nikasema, "Pole, Daktari."

Binti yake alikuja kumchukua mwezi uliofuata, yeye na Posta, kumpeleka Gilgil.

Ilinichukua karibu miaka mitatu kwenda. Nilikuwa nikipita Gilgil kila nilipokwenda Nairobi kuleta dawa, na kila mara niliangalia upande wa pili wa barabara. Mwaka huu, mwezi wa pili, nilishuka. Binti yake alinipokea vizuri sana, akanikumbatia, akaniambia baba atafurahi, hana mtu wa kuongea naye habari za wanyama. Daktari alikuwa amekaa kwenye baraza, amekonda, blanketi magotini. Posta alikuwa ameshakufa kwa uzee. Binti alikwenda kupika chai.

Niliogopa kwamba nikianza na salamu sitafika popote. Nikasema nikiwa bado nimesimama.

"Daktari, ile Jumatatu ya chanjo, stima ilikuwa imepotea siku mbili. Nilikuwa Nakuru. Nilikuta maji chini ya friji. Nilikudanganya."

Hakushtuka. Aliendelea kutazama malori ya barabara kuu. Nilianza kudhani hakusikia.

"Na siku ile niliyoleta mkoba," akasema mwishowe. "Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nilikuonyesha mikono."

"Ndiyo."

"Ukaniambia pole."

Nikaanza kulia. Hakunizuia na hakunifariji. Aliponiona nimetulia kidogo alianza kuuliza, kwa sauti ile ile ya zamani ya kazini.

"Nyumba ya kwanza, ya fundi wa cherehani. Walikuwa na Simba. Yuko?"

"Walimuua, Daktari."

"Ya pili, ng'ambo ya mto. Taiga na Popi."

"Wote wawili."

"Jeki wa mchungaji?"

"Jeki alipona. Mchungaji alimficha ndani ya nyumba."

Aliendelea hivyo, hata kwa wale aliowaona mwenyewe wakiuawa. Alikumbuka kila nyumba na kila mbwa aliyeletwa uwanjani siku ile, rangi yake, aliyekuwa na kupe, aliyekuwa na mimba. Hakuniruhusu kuruka hata mmoja. Nilikuwa nimesikia habari za karibu wote, kwa sababu wateja husema, na kila nilipojibu "walimuua" alitikisa kichwa na kuendelea na anayefuata. Binti alileta chai, akatusikiliza kidogo, akaiweka chini akaondoka.

"Yule jike wa kahawia," akasema. "Nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Aliyeogopa sindano, nikamfunika macho na koti langu."

"Huyo sijui, Daktari."

"Hujui."

"Sijui."

"Basi nenda ukajue. Na ukifika huko, waambie. Kila nyumba. Wanadhani chanjo ndiyo ya uongo, kwa hiyo hawatachanja tena, na kichaa kitarudi. Waambie chanjo ni ya kweli, wewe ndiye uliyedanganya."

"Hawatanunua kwangu tena."

"Hawatanunua," akakubali.

Nilimuuliza kama amenisamehe. Alifikiria swali hilo kama alivyofikiria kila kitu, bila haraka.

"Uliza ukishamaliza," akasema. Nilipompa mkono wa kwaheri hakuupokea. Alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa inatembea polepole. Nadhani bado alikuwa anapita nyumba kwa nyumba.

Jumamosi iliyofuata nilifunga duka nikapanda kule juu. Nilianza na nyumba ya mwisho. Mwanamke wa hapo alitoka amebeba mtoto, na kabla sijasema lolote nikamwona yule jike wa kahawia amelala kwenye jua kando ya ghala, mnene kiasi, mdomo umeanza kuota mvi. Walimpeleka kwa shangazi Molo wiki ile ya rungu, mwanamke akaniambia, wakamrudisha mambo yalipotulia. Nikamwambia kilichonileta. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Nilifikiria kumpigia Daktari jioni hiyo hiyo. Kisha nikaona afadhali nimpelekee habari zote kwa pamoja, nyumba zikiisha, niketi naye nimweleze moja baada ya nyingine. Nilikwenda Jumamosi nne. Wengine walinitukana. Fundi wa cherehani alilia. Yule mama mjane alinionyesha kovu lake, akaniuliza Daktari yuko wapi siku hizi, kwa sababu sasa ana mbwa mwingine na hajachanjwa.

Zilikuwa zimebaki nyumba mbili binti yake aliponipigia simu kuniambia kwamba baba amefariki asubuhi, kifua. Nilimpa pole. Nikataka kumwambia kwamba yule wa kahawia yuko hai, lakini yeye hakumjua, na alikuwa na watu wengine wengi wa kuwapigia.

Jumamosi ya mazishi nilikuwa Gilgil. Jumamosi iliyofuata nilirudi juu nikazimaliza zile nyumba mbili.